Beki wa Nne au Kiungo wa Tano? Nasaha kwa Mwenye Timu ya Fantasi

Kila Jumamosi, jua likikaribia utosi, katika upande ule wa Kitisuru, jijini Nairobi, ambako barabara ya Lower Kabete hupita kati ya miti mirefu na kuta zilizotambaliwa na maua, watu wasioshirikiana kwa mali wala kwa nasaba huonekana wameshirikiana kwa jambo moja: bawabu akaaye langoni, dereva amngojaye tajiri wake kivulini, wakili aliye barazani na binti yake aliyerudi kutoka chuo kikuu, kila mmoja ameinamia simu yake akipanga kikosi cha wachezaji kumi na mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza ambao hajapata kuwatia machoni ila kwa runinga. Mchezo huu, ambao jina lake kamili ni Fantasy Premier League na jina lake la mtaani ni fantasi, umechezwa tangu msimu wa 2002/03, na kuingia ndani yake hakudai hata senti moja, bali huwadai wenye kuuchukua kwa dhati wakati wao, hesabu zao na subira yao. Katika ligi yetu ndogo ya hapa mtaani sisi ni watu kumi na wanne, na swali niulizwalo kuliko maswali yote, aghalabu na kijana alindaye lango la jirani yangu, ni hili: "Mzee, nafasi moja imebaki. Niweke beki au niweke kiungo?"

Nimeona vema nilijibu kwa kalamu, maana jibu la kusimama langoni huwa fupi kupita kiasi, na mtu hawezi kulitumia wiki ya pili.

Kanuni za msingi unazijua, kwa hiyo nitazipitia kwa haraka. Umepewa pauni milioni 100 za kubuni ununue wachezaji 15, nao ni makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, wasizidi watatu kutoka klabu moja. Kati ya hao huwapanga kumi na mmoja, na sheria hukulazimisha uwe na kipa, mabeki wasiopungua watatu na mshambuliaji asiyepungua mmoja. Baada ya hapo ikhtiari ni yako, na kwa watu wengi nilioshindana nao ikhtiari hiyo huishia mahali pamoja: wamekwisha kuwaweka kipa, mabeki watatu, viungo wanne na washambuliaji wawili, na nafasi ya kumi na moja iko wazi baina ya beki wa nne na kiungo wa tano.

Tuanze na hesabu. Mchezaji yeyote akicheza dakika 60 au zaidi hupata alama 2, na akitolewa kabla ya hapo hupata 1. Bao la beki lina thamani ya alama 6, bao la kiungo 5 na bao la mshambuliaji 4. Pasi ya bao ni alama 3 kwa wote bila ubaguzi. Beki aliyecheza dakika 60 bila timu yake kufungwa huongezewa alama 4, ilhali kiungo aliye katika hali iyo hiyo huongezewa 1 tu. Lakini mabao yakianza kuingia, kila mabao mawili humpunguzia beki alama 1, na kiungo hapunguziwi kitu kwa sababu hiyo.

Sasa wachukue wawili hawa uwaweke katika mchezo mmoja. Timu yao ikishinda bao moja kwa bila, na bao hilo likafungwa na mtu mwingine, beki ameondoka na alama 6 pasipo kuvuka hata mara moja mstari wa kati, na kiungo ameondoka na 3. Timu hiyo hiyo ikifungwa matatu kwa moja, na bao lile moja likawa la kiungo wako, kiungo anazo 7, na beki aliyetumika kama punda tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho anayo 1. Hapo ndipo penye tofauti yao ya asili: riziki ya beki imo mikononi mwa wenzake kumi, kwa kuwa kosa la kipa au uzembe wa beki mwenzake humnyang'anya alama zake nne ingawa yeye mwenyewe hakukosa, na riziki ya kiungo imo miguuni mwake mwenyewe. Ukimnunua beki wa kawaida umenunua timu nzima kwa bei ya mtu mmoja, na kwa hiyo iangalie timu kwanza kabla hujaliangalia jina lake. Mfano wake ni Liverpool ya msimu wa 2018/19, ambayo ilimaliza michezo 21 kati ya 38 bila kufungwa: hesabu ya alama nne mara ishirini na moja ilitosha peke yake kumtajirisha beki yeyote aliyecheza michezo hiyo yote, na Andrew Robertson, ambaye juu ya hayo alikuwa akipanda pembeni na kutoa pasi za mabao, alimaliza msimu na alama 213. Zipo klabu nyingi ambazo zina beki hodari na timu inayovuja, na beki huyo usimnunue kwa uhodari wake.

Nasema beki wa kawaida kwa sababu yupo asiye wa kawaida, naye ni beki wa pembeni apigaye kona na mikwaju ya adhabu. Huyu ana milango miwili ya kuingizia alama, wa kuzuia na wa kushambulia, na siku ambayo milango yote miwili inafunguka hakuna kiungo anayemfikia kwa wepesi. Wenye kumbukumbu hawajaisahau tarehe 26 Desemba 2019, Liverpool ilipoifunga Leicester mabao manne kwa bila ugenini, na Trent Alexander-Arnold akakusanya alama 24 katika mchezo mmoja akiwa beki. Msimu huo alimaliza na 210. Lakini angalia kwamba watu wa namna hii huhesabika kwa vidole, na bei yao hupanda hadi kufikia ya viungo wazuri. Mtu akikuuzia beki kwa bei ya kiungo, hakikisha ana milango miwili kweli, wala si mlango mmoja uliopakwa rangi mpya.

Tangu msimu wa 2025/26 limezuka jambo jingine ambalo wengi hapa mtaani hawajaliingiza katika hesabu zao. Beki atimizaye vitendo 10 vya ulinzi katika mchezo mmoja, yaani kuondoa mpira penye hatari, kuzuia shuti, kunasa pasi na kunyang'anya mpira, hupewa alama 2. Kiungo naye hupewa 2, ila sharti lake ni vitendo 12, na kwake huhesabiwa pia mipira iliyopotea aliyoirudisha kwa timu yake. Alama hizo hazizidi 2 hata akitimiza vitendo thelathini. Taathira ya kanuni hii ni kubwa kuliko ionekanavyo, maana imemwinua beki wa kati wa timu inayoshambuliwa mno, mtu wa namna ya James Tarkowski wa Everton, ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya kipa na kuiondoa mipira ya juu inayomiminwa juu yake. Huyo hulipwa ujira wake hata siku ambayo timu imefungwa. Kinyume chake, beki wa pembeni anayekaa sana katika nusu ya wapinzani huenda asitimize kumi hizo wiki kadhaa mfululizo. Beki wa kati ambaye zaidi ya ulinzi hupanda wakati wa kona na kufunga kwa kichwa, kama Gabriel wa Arsenal, amekuwa sasa mtu wa milango mitatu.

Nilipoisoma kanuni hiyo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, aliyeingia Southampton mwaka 2013 akahamia Tottenham mwaka 2016. Wengi wetu tulimweka katika vikosi vyetu kwa mapenzi ya nchi, na mapenzi hayo hayakuwa na aibu. Lile shuti lake la Anfield la tarehe 4 Februari 2018, lililotoka mbali likaingia wavuni kabla kipa hajajua la kufanya, kila aliyeliona analikumbuka. Ila kazi yake ya kila wiki, ya kunyang'anya na kuziba njia, haikuwa na alama maalumu katika mchezo wa wakati ule, na kwa hiyo wiki baada ya wiki alitupa alama mbili zake tukashukuru. Kanuni ya leo ingalimfaa sana. Viungo wa tabia yake wapo hata sasa, na bei yao ni nafuu, lakini usiwahesabu pamoja na viungo wa kushambulia kwa sababu tu orodha imewaita wote kwa jina moja.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo nalishika kuliko yote: jina la cheo ni karatasi, kazi ndiyo alama.

Huko Marekani, ambako mchezo wa kubuni timu za mpira wao ulibuniwa mwaka 1962 kwa tadbiri ya Bill Winkenbach wa Oakland na wenzake, swali la kijana wetu wa Kitisuru huulizwa kwa sura nyingine. Katika mpira wao, uchezwao kwa mikono zaidi kuliko miguu, yupo mpokeaji wa pembeni ambaye kazi yake ni kukimbia na kudaka, na yupo mwingine asimamaye kwenye ncha ya ukuta wa wazuiaji, ambaye mara huzuia kwa bega na mara hutoka mbio kuupokea mpira kama mpokeaji. Mwaka 2014 mmoja wa hao wa ukutani, Jimmy Graham wa New Orleans Saints, alidai kwamba ahesabiwe mpokeaji, kwa kuwa mara nyingi alikuwa akisimama mahali pa wapokeaji. Shauri likaenda kwa msuluhishi, naye akahukumu kwamba yeye ni wa ukutani, ilhali tofauti ya ujira wa mwaka mmoja baina ya cheo hiki na kile ilikuwa takriban dola milioni 5. Wenye timu za kubuni walifurahia hukumu ya namna hiyo, maana kwao faida kubwa ni kuwa na mtu ambaye jina lake ni la wazuiaji na kazi yake ni ya wapokeaji.

Sisi tulipata wetu mwaka 2019. John Lundstram wa Sheffield United aliandikwa kuwa beki na akauzwa kwa pauni milioni 4.0, bei ya chini kabisa, lakini uwanjani alicheza kiungo msimu mzima. Maana yake ni kwamba alikimbilia lango la wapinzani kama kiungo, akifunga alihesabiwa alama 6 za beki, na timu yake isipofungwa alipewa 4 za beki. Tarehe 2 Novemba 2019 aliifunga Burnley mabao mawili, timu yake ikashinda matatu kwa bila, na mtu wa bei ya mwisho akaleta alama 21. Mkabala wake ni Mohamed Salah, mshambuliaji wa pembeni kwa kazi na kiungo kwa karatasi: msimu wa 2024/25 alifunga mabao 29 na kumaliza na alama 344, ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia kabla yake, na lau orodha ingalimwita mshambuliaji, mabao yayo hayo yangalimpunguzia alama 29. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya msimu kuanza, orodha ya bei itokapo, kabla hujanunua hata mtu mmoja, pitia mabeki wote na viungo wote ukiwatafuta watu ambao wameandikwa nyuma ya mahali wanapocheza. Kazi hiyo haichukui zaidi ya jioni moja.

Namna ya kuijua kazi ya mtu ni kuutazama mchezo, wala si kuutazama ubao wa matokeo. Tazama nani aendaye kwenye kibendera cha kona, nani autwaaye mpira refa akitoa penalti, na beki yule anasimama wapi timu yake ikiwa na mpira. Usiporuzukiwa nafasi ya kutazama, muulize aliyetazama. Katika mtaa wetu dereva mmoja aniambiaye kila Jumatatu nani alikuwa akipanda na nani alikuwa akibaki amenifaa kuliko takwimu nyingi nilizosoma.

Ukisha kuijua kazi, uliza habari ya dakika. Tangu msimu wa 2022/23 timu za ligi hiyo zimeruhusiwa kubadili wachezaji watano katika mchezo, na wanaotolewa kwanza ni wa mbele: winga na kiungo wa kushambulia hutolewa dakika ya 60 au ya 70 ili mwenye miguu mibichi aingie, ilhali beki aghalabu humaliza. Kiungo aliyetolewa dakika ya 58 amepata alama 1. Beki aliyetolewa dakika ya 65 timu yake haijafungwa anabaki na alama zake nne, hata kama wenzake wataruhusu mabao matatu baada yake. Kwa makocha wenye desturi ya kubadilisha vikosi kila wiki, na Pep Guardiola alijipatia sifa ya hilo huko Manchester City, kiungo wa thamani kubwa anaweza kukaa benchi bila dalili yoyote siku ya Ijumaa. Ukiwa na shaka ya namna hiyo, mweke beki wako awe wa kwanza benchini, maana kiungo asipogusa uwanja kabisa mchezo wenyewe utamwingiza beki mahali pake pasipo wewe kufanya kitu.

Kuhusu mpinzani sina maneno mengi, kwa kuwa kila mtu hutazama ratiba. Neno langu ni kwamba ratiba humfaa beki kuliko kiungo, maana kiungo mahiri hufunga popote na beki hutegemea udhaifu wa washambuliaji walio mbele yake. Misimu ya 2023/24 na 2024/25 timu zote tatu zilizopanda daraja zilishuka mwaka ule ule, na aliyekuwa na beki wa nyumbani dhidi yao alikuwa na sababu njema ya kumpanga. Jihadhari, hata hivyo, usije ukawapanga mabeki wawili na kipa wa klabu moja kwa tamaa ya ratiba nzuri, kwa kuwa bao moja la dakika ya 89 litakunyang'anya alama 12 kwa mkupuo. Mimi limenipata mara mbili katika msimu mmoja, na tangu hapo wawili wa klabu moja wananitosha.

Na fedha? Beki wa nne wa bei nafuu huacha akiba ambayo yaweza kumpandisha mmoja wa viungo wako wanne kutoka mtu wa kawaida hadi mtu wa kutegemewa, na mara nyingi faida ya kweli ya kumchagua beki haimo katika beki mwenyewe, imo katika yule mwingine uliyempata kwa akiba ile. Basi usiwalinganishe watu wawili. Linganisha vikosi viwili vizima. Kadhalika usilipe alama 4 za uhamisho wa ziada kwa ajili ya nafasi ya kumi na moja, kwa sababu tofauti ya beki na kiungo wa wastani katika wiki moja ni nadra kuzidi hizo nne. Uhamisho wa bure unaweza kuuweka akiba hadi mitano. Subiri wiki ijayo.

Kijana wa langoni nilimjibu hivi, na wewe nakujibu vivyo hivyo. Ukiwa na kiungo apigaye penalti na ambaye hatolewi mapema, mweke, wala usiitazame ratiba. Usipokuwa naye, mtafute beki aliye na milango miwili, na timu yake icheze nyumbani. Ukiwakosa wote wawili, mpange beki wa kati mwenye vitendo vingi vya ulinzi kuliko kiungo wa jina kubwa ambaye kocha wake hatabiriki, kwa kuwa nafasi ya mwisho haikuwekwa kwa ajili ya mtu wa kukupa mchezo mmoja wa ajabu kwa mwezi na kukuangusha mitatu.

Limebaki jambo la saa, nalo limewaangusha waliokuwa na vikosi bora kuliko changu. Mlango wa kubadilisha kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mchezo wa kwanza wa wiki, lakini Uingereza hubadilisha saa zake mara mbili kwa mwaka na Kenya haibadilishi. Mchezo wa kwanza ukiwa ule wa Jumamosi wa saa sita na nusu mchana kwa saa za kwao, kuanzia Agosti mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba mlango wetu hufungwa saa saba mchana, na baada ya hapo hufungwa saa nane. Wiki ikianza kwa mchezo wa Ijumaa usiku wa saa mbili za kwao, hufungwa saa mbili na nusu usiku wa Ijumaa hiyo, na katika miezi ya baridi yao saa tatu na nusu. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Aprili, nilikaa kwa utulivu nikimngoja dereva yule aniletee habari, nikafungua simu saa saba u nusu nikiamini nina nusu saa mkononi, nikakuta mlango umekwisha kufungwa na kiungo aliyeumia yumo kikosini mwangu. Tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi msimu umalizike mwezi Mei, saa yetu ya Jumamosi ni saa saba, si saa nane.